Tunaogawana jengo moja la biashara Uingereza: jinsi ya kuomba daftari la uthamini ligawanywe, na mahali nilipokosea

Fundi wa Makochi

Wakuu, habari za wakati huu. Nimeona maswali ya kodi ya majengo ya biashara yakirudi mara kwa mara kwenye nyuzi za wenzetu walioko huku England, na mengi yanajibiwa kwa "nasikia". Nimepitia jambo hili mwenyewe, limenitoa pesa na usingizi, kwa hiyo naandika yote ili mwenye jengo la kugawana asianzie gizani nilikoanzia mimi.

Mimi navalisha makochi. Mwaka 2023 nilichukua ghala dogo Leicester, kubwa kuliko mahitaji yangu, nikaelewana na mama mmoja anayefungasha viungo tugawane. Mwenye jengo hakuwa na neno, akampa naye karatasi ya pango. Katikati tukapanga rafu ndefu za chuma, upande wa kushoto sponji na vitambaa vyangu, upande wa kulia magunia yake. Kila mtu kwake, tukajiona tumemaliza.

Bili ilipokuja ikawa moja, kwa jina langu. Kwenye daftari la uthamini, yaani orodha rasmi ya majengo ya biashara na thamani zake za kodi, lile ghala lilikuwa kitengo kimoja chenye thamani ya kodi ya pauni 22,500. Kwa ambao hawajaizoea: thamani ya kodi si bei ya kuuzia jengo. Ni makisio ya pango la mwaka mzima ambalo jengo lingepata sokoni kwa tarehe maalumu. Daftari la 2023 lilitumia mapango ya tarehe 1 Aprili 2021. Halmashauri inachukua thamani hiyo na kuizidisha kwa kiwango cha mwaka. Kwa biashara ndogo wakati ule kilikuwa peni 49.9 kwa kila pauni, kwa hiyo bili yangu ikatoka pauni 11,227 na peni 50 kwa mwaka.

Uchungu uko hapa. Huku England, mwenye kitengo kimoja tu chenye thamani isiyozidi pauni 12,000 anaweza kupata msamaha wa kodi wote, na kuanzia hapo msamaha unapungua taratibu mpaka unaisha kwenye 15,000. Mimi na yule mama kila mmoja alitumia karibu nusu ya jengo. Tungekuwa vitengo viwili kwenye daftari, kila mmoja angekuwa chini ya 12,000 na asingelipa kitu. Kwa kuwa kwenye karatasi tulikuwa mtu mmoja, tulilipa yote.

Nikaomba daftari ligawanywe. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa serikali, unaonyesha kwamba jengo unalikalia au ni lako kwa kupakia bili ya kodi au mkataba wa pango, kisha unaingia hatua ya kwanza, ile ya kuhakiki taarifa, unawaeleza watu wa uthamini, wale tuliowazoea kwa jina la VOA, kwamba kitengo kimoja sasa ni viwili. Nilijaza kila kitu vizuri, na jibu likaja: daftari linabaki lilivyo.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma barua kwa utulivu nikaona wana haki. Rafu si ukuta. Mteja wa yule mama alikuwa anapita mbele ya cherehani yangu ili amfikie. Umeme wetu ulikuwa mita moja. Nilikuwa nimeomba karatasi igawanywe wakati jengo lenyewe bado ni moja.

Mwenye jengo akakubali kujenga. Wakaja mafundi wakaweka ukuta wa jipsamu wa tabaka mbili kutoka sakafuni hadi kwenye bati, wakafungua mlango wa pili upande wa barabara, wakatenganisha umeme. Tukaandika mikataba miwili mipya, kila mmoja na ramani yake imeambatishwa. Kazi ikaisha tarehe 12 Agosti 2024. Nikaomba upya.

Safari hii alikuja mthamini kuangalia. Hakuuliza sana. Alitembea ukuta mzima huku kiganja kikigusa jipsamu, akafika pembeni kule nyuma ambako niliegemeza kabati la vitambaa, akaniomba nilisogeze. Nyuma ya kabati palikuwa na mlango mdogo ambao mafundi waliuacha "kwa dharura". Akashika kitasa, akakisukuma, ukafunguka hadi kwa yule mama. Akaniuliza swali moja: "Ufunguo anao nani?" Nikamwambia hauna ufunguo. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Jioni ile ile nilimpigia mwenye jengo, kesho yake fundi akauziba kwa jipsamu na plasta, nikapiga picha nikawatumia.

Majibu yakatoka: upande wangu 11,900, upande wa mama 11,400. Ukijumlisha ni 23,300, yaani zaidi ya 22,500 ya mwanzo. Msishtuke mkiona hivyo. Eneo dogo mara nyingi hupangishwa kwa bei ya juu zaidi kwa kila mita ya mraba kuliko eneo kubwa, na wathamini wanafuata soko. Kwetu haikuwa hasara, ila kwa mtu mwingine inaweza kuwa, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuomba.

Mgawanyo ukahesabiwa tangu kazi ilipokamilika, Agosti 2024. Zile pesa tulizolipa tangu Juni 2023 tukiwa na rafu, zaidi ya pauni 13,000 kati yetu wawili, hazirudi, kwa sababu kipindi kile jengo kweli lilikuwa moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Jambo la mwisho, wengi wanakwama hapa: daftari likigawanywa, msamaha hauji wenyewe. Watu wa uthamini wanaweka thamani, halmashauri inatoza na kutoa msamaha. Lazima uombe msamaha halmashauri kwa fomu yake. Yule mama alikaa wiki tano akidhani kila kitu kimeshafanyika, mpaka akapata barua ya kudaiwa.

Karibuni kwa maswali.

---

Dada wa Salooni

Asante sana kaka, Mungu akubariki kwa kutuandikia kwa urefu. Mimi nina salooni, fremu ya mbele barabarani, thamani ya kodi 14,200. Kwa hesabu yako napata msamaha kidogo tu. Chumba cha nyuma nimempangisha dada mmoja wa kucha, ananilipa kila wiki. Je, naweza kuomba chumba chake kitolewe ili mimi nishuke chini ya 12,000? Anaingia kwa mlango wangu wa mbele, mimi ndiye nafungua asubuhi na kufunga usiku.

---

Mpimaji Mstaafu

Dada, nimefanya kazi ya kupima majengo kwa ajili ya kodi kwa miaka mingi kabla ya kupumzika, naomba nikujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu swali lako ndilo moyo wa jambo lenyewe.

Ili mtu ahesabiwe kuwa na kitengo chake, sheria ya hapa inatazama mambo manne: awe analitumia eneo kweli, awe analitumia peke yake, matumizi yawe na faida kwake, na yasiwe ya kupita tu. Watu wengi hufeli kwenye la pili. Na "peke yake" haina maana kwamba hakuna mtu mwingine anayekanyaga pale. Maana yake ni nani mwenye mamlaka ya mwisho juu ya lile eneo.

Kuna kesi ya mwaka 1936 ambayo kila mthamini anaijua, ya vibanda vya biashara ndani ya stesheni ya Victoria, London. Kampuni ya reli ndiyo ilikuwa na stesheni yote, inafunga mageti usiku, inawaongoza abiria. Swali likawa: vibanda vile vina kodi yao au ni sehemu ya stesheni? Mahakama ya juu ya wakati ule, yaani Baraza la Mabwana, ikasema vina kodi yao. Kufunga mageti ya stesheni hakukuwafanya watu wa reli kuwa watawala wa kile kinachofanyika ndani ya kibanda. Mwenye kibanda aliuza vyake, kwa faida yake, mahali pake.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mashine za kutolea pesa zilizowekwa kwenye maduka makubwa. Wathamini walikuwa wamezipa vitengo vyake. Mahakama ikakataa: lile eneo la mashine bado lilikuwa mikononi mwa duka, duka lenyewe lilinufaika na mashine kuwa pale, kwa hiyo likabaki sehemu ya duka.

Kwa hiyo usijiulize kama mna makubaliano. Jiulize hivi: ukiamua kesho kuhamisha viti vyako vya kuoshea nywele hadi kwenye kile chumba, nani anaweza kukuzuia? Ukiweza kumwambia huyo dada "hamia kona ile", basi chumba ni chako na yeye ni mtu unayempa nafasi. Ukiwa huna uwezo huo, kwa sababu mkataba unampa chumba kile kwa muda unaojulikana na mlango wake anaufunga mwenyewe, hapo kuna kitu cha kuombea.

La pili, kuhusu hesabu. Maduka hayapimwi kama ghala la ndugu yetu Fundi. Ghala hupimwa eneo lote la ndani kwa bei moja ya msingi. Duka hukatwa vipande kuanzia kioo cha mbele: mita 6.1 za kwanza, ambazo ni futi 20 za zamani, zina bei kamili, kipande kinachofuata nusu yake, kinachofuata robo. Kwa hiyo chumba chako cha nyuma, hata kama ni theluthi ya eneo, huenda kinachangia sehemu ndogo sana ya ile 14,200. Usije ukajenga ukuta kwa pauni elfu kadhaa ukategemea kushuka hadi 9,000 halafu ukashuka hadi 13,000. Mtandaoni unaweza kuona mchanganuo wa thamani yako, kipande kwa kipande. Tazama chumba cha nyuma kimeandikiwa kiasi gani kabla hujaita fundi.

---

Kijana wa Ghala

Mzee shikamoo, na asante. Mimi shida yangu ni kinyume. Nina ghorofa ya kwanza na ya tatu kwenye jengo moja, ya pili ina kampuni nyingine. Bili zinakuja mbili. Mtu akaniambia naweza kuunganisha zikawa moja, mwingine akasema sheria ya ngazi inakataza. Ni ipi?

---

Mpimaji Mstaafu

Marahaba kijana. Hiyo "sheria ya ngazi" ilitoka kwenye kesi ya kampuni ya wahasibu iliyokuwa na ghorofa ya pili na ya sita kwenye jengo moja la London. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema kama unatoka kwenye eneo lako, unapita kwenye ngazi au korido ya watu wote, ndipo uingie kwenye eneo lako jingine, basi hivyo ni vitengo viwili. Uamuzi huo uliwaumiza wengi waliokuwa na ghorofa mbili zilizopandana, maana nao wakakatwa vipande viwili na wengine wakapoteza msamaha wa biashara ndogo. Bunge likatunga sheria mwaka 2018 ya kurudisha utaratibu wa zamani kwa England: maeneo yanayogusana, kwa ukuta, uzio au sakafu ya huyu kuwa dari ya yule, yakiwa ya mtumiaji mmoja na hayatumiki kwa shughuli tofauti kabisa, ni kitengo kimoja.

Wewe ghorofa zako hazigusani. Katikati kuna mtu. Kwa hiyo zitabaki mbili.

Na hii iwafikie pia wanaofikiria ujanja wa kujenga ukuta katikati ya duka lao wenyewe ili wapate vitengo viwili vidogo. Ukiwa wewe ndiye unayetumia pande zote mbili kwa biashara ile ile, ukuta haukusaidii. Zinagusana, mtumiaji mmoja, kitengo kimoja.

---

Mtoto wa Pwani

Naheshimu maelezo, lakini mimi namfahamu mtu alifanya bila kujenga chochote. Waliandika mikataba miwili, wakaandika kwenye fomu kwamba kuna ukuta, wakatuma na ramani ya kuchora mkono. Ikapita. Kwa nini mtu ahangaike na mafundi?

---

Fundi wa Makochi

Ndugu yangu, naomba nikujibu bila kupepesa macho. Unapojaza ile fomu unathibitisha kwamba maelezo ni ya kweli, na kutoa maelezo ya uongo kwa kujua ni kosa lenye adhabu. Daftari likisharekebishwa linaweza kurekebishwa tena. Siku moto ukitokea, au mwenye jengo akiuza na mnunuzi akaleta mpimaji wake, ukuta usiokuwepo utaonekana haupo. Hapo halmashauri itadai kodi iliyokwepwa, na wewe mgeni katika nchi ya watu utakuwa na doa ambalo halitoki kirahisi.

Mimi nilikosa pesa nyingi kwa miezi 14, na bado sijawahi kutamani ningedanganya. Nilichotamani ni kujua mapema. Kama ningejenga ule ukuta Juni 2023, wiki ile ile ya kuingia, tusingelipa.

---

Mama Tunu

Habari zenu wapendwa. Sina biashara, nina nyumba. Nyuma ya nyumba tumejenga chumba na jiko kwa ajili ya mama mkwe, ana miaka 71. Jirani kanitisha kwamba watanigawia nyumba na nitalipa kodi mbili za halmashauri. Ni kweli inahusu mambo haya?

---

Mpimaji Mstaafu

Mama Tunu, ni ndugu wa jambo hili ila sheria yake nyingine. Kwa nyumba za kuishi hawatazami thamani ya pango. Wanaziweka kwenye madaraja kuanzia A hadi H kwa kukisia zingeuzwa kiasi gani tarehe 1 Aprili 1991, hata kama nyumba imejengwa jana. Sehemu ya nyumba iliyojengwa au kurekebishwa ili mtu aweze kuishi humo kivyake, pa kulala, pa kupikia na pa kuogea, inaweza kupewa daraja lake. Hapo hawaulizi kama anayeishi ni ndugu, wanatazama jengo lilivyojengwa.

Lakini usitishike. Sehemu kama hiyo iliyo ndani ya eneo la nyumba yako, ikikaliwa na ndugu anayekutegemea mwenye zaidi ya miaka 65, inaweza kusamehewa kodi kabisa. Na akiishi humo ndugu asiyefikia sharti hilo, kuna punguzo la asilimia 50. Mama mkwe wa miaka 71 yumo. Waandikie halmashauri uombe msamaha, usisubiri wakukute.

Kwa wanaopangisha chumba kimoja kimoja: tangu tarehe 1 Desemba 2023, nyumba za wapangaji wengi huku England zinahesabiwa daraja moja kwa nyumba nzima. Kabla ya hapo kuna watu vyumba vyao vya kulala vilipewa daraja kila kimoja, bili juu ya bili. Hilo limekwisha.

---

Mama Tunu

Jamani mmenitua mzigo. Nilikuwa nafikiria kung'oa sinki la jikoni. Asanteni sana.

---

Mwenye Jengo Birmingham

Niongeze upande wa sisi wenye majengo, maana wapangaji wanadhani tukikataa kugawa ni roho mbaya.

Daftari likiwa moja na mpangaji mmoja amekalia sehemu, bili mara nyingi inabebwa na yeye. Likigawanywa, ile sehemu iliyo wazi inakuwa kitengo kinachojitegemea na bili yake inakuja kwangu mimi mwenye jengo. Huku England eneo tupu lina nafuu ya miezi mitatu tu, viwanda na maghala miezi sita, baada ya hapo nadaiwa kodi kamili kwa eneo lisiloniingizia hata senti. Kilicho chini ya thamani ya pauni 2,900 ndicho kinachosamehewa kikiwa tupu. Kwa hiyo mpangaji akija kwangu na wazo la kugawa, nataka kwanza kujua upande wa pili nani anaingia, na lini. Kama Fundi alikwenda kwa mwenye jengo wake na yule mama akiwa tayari na mkataba mkononi, ndiyo maana alikubaliwa haraka.

Kuna njia nyingine wachache wanaijua. Kama sehemu ya jengo itakuwa tupu kwa muda mfupi tu, kwa mfano unahamia polepole au unatoka polepole, halmashauri ina uhuru wa kuwaomba watu wa uthamini wagawe thamani kati ya sehemu inayotumika na iliyo tupu, bila kulivunja daftari. Ni hiari yao, wanaweza kukataa, na mara nyingi wanataka kuja kuona kwa macho wakati hali bado ndiyo hiyo. Ukiomba baada ya kujaza tena eneo, umechelewa.

Na wakati wa ujenzi wenyewe, kama umebomoa ndani kabisa, vyoo, dari, umeme, kila kitu, ili ukate ghorofa vipande, uliza kuhusu kushushiwa thamani kwa kipindi kile. Kuna kesi ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2017, ofisi ya Sunderland iliyokuwa inavunjwa ndani ili iweze kupangishwa kama ofisi tatu. Thamani yake ikawekwa pauni 1. Pauni moja. Lakini lazima iwe ujenzi wa kweli. Kupaka rangi na kubadilisha zulia haitoshi.

---

Kijana wa Ghala

Duh, pauni 1! Kuhusu mawakala je? Mmoja alinipigia simu asubuhi anasema atanipunguzia kodi, nimlipe nusu ya kitakachookolewa kwa miaka yote ya daftari, na nisaini leo leo.

---

Fundi wa Makochi

Usisaini leo, kijana. Mimi pia nilipigiwa, na ombi langu la kwanza lile lililokataliwa nusura nimpe mtu wa namna hiyo. Ombi la kugawa unaweza kulipeleka mwenyewe bila malipo. Kinachohitajika ni ramani yenye vipimo, mikataba, tarehe ya kazi kukamilika, na picha. Vipimo nilichukua mwenyewe na tepu Jumapili moja, mwanangu akishika ncha ya pili, tukiandika kwenye karatasi ya mraba. Mthamini alipopima upya tulitofautiana chini ya mita moja ya mraba.

Kama jambo lako ni gumu, ghorofa nyingi au ubishi wa vipimo, tafuta mpimaji aliyesajiliwa kwenye chama cha taaluma kama RICS au IRRV, mkubaliane malipo kwa maandishi, na usome muda wa mkataba. Mimi niliyempata alitaka nimlipe mpaka mwisho wa daftari hata kama thamani itapungua kwa sababu nyingine isiyomhusu.

Halafu kumbuka daftari hubadilika. Jipya ni la kuanzia tarehe 1 Aprili 2026, linatazama mapango ya tarehe 1 Aprili 2024. Mimi niliye 11,900 niko pauni mia moja tu chini ya mpaka, kwa hiyo thamani mpya nimeiangalia kwa makini zaidi kuliko matokeo ya mpira. Mgawanyo unabaki. Thamani ndiyo inayopimwa upya.

---

Dada wa Salooni

Kaka Fundi, mzee wangu Mpimaji, nimerudi. Nimeangalia mchanganuo mtandaoni kama mlivyosema. Chumba cha nyuma kimeandikiwa 2,350. Nikitoa hicho nabaki 11,850, yaani niko chini ya mstari, ingawa ni kwa kubana.

Lakini leo asubuhi nilisimama mlangoni nikajiuliza lile swali la mzee. Juzi tu nilimwambia yule dada ahamishe meza yake karibu na dirisha kwa sababu nilitaka kuweka stoo ya mafuta. Akahamisha bila neno. Mlango wa chumba hauna kitasa cha kufunga, una bawaba mbili na kamba. Kwa hiyo nimeelewa, kwa sasa chumba ni changu.

Nimeongea naye na nimeongea na mwenye jengo. Nyuma kuna uchochoro, mlango wa zamani upo ila ulipigiwa mbao. Mwenye jengo anasema tunaweza kuufungua, ampe yeye mkataba wake wa miaka miwili moja kwa moja, na ule mlango wa ndani uzibwe. Yeye dada wa kucha kafurahi kuliko mimi, anasema ataweka bango lake. Swali langu moja tu: kwenye fomu niandike tarehe gani, ya mkataba au ya siku fundi anamaliza?

---

Mpimaji Mstaafu

Umefanya vizuri sana kujikagua kabla ya kukaguliwa, binti yangu. Ila mwambie yule dada naye aombe msamaha wake halmashauri, na kama ana chumba kingine cha biashara mahali pengine aseme mapema, maana masharti hubadilika kwa mwenye vitengo zaidi ya kimoja. Pia chumba chake kikisimama chenyewe chenye mlango wa uchochoroni, kitapimwa upya. Huenda kisiwe 2,350 ile ile, na chako nacho kinaweza kusogea kidogo. Acha nafasi hiyo kwenye hesabu zako, hiyo 11,850 usiichukulie kama imeshafika.

---

Fundi wa Makochi

Tarehe dada: mgawanyo unahesabiwa tangu siku hali yenyewe ilipobadilika. Kama mkataba utaanza tarehe 1 na mlango wa ndani ukazibwa tarehe 9, andika 9. Siku hiyo piga picha tatu: ukuta ulipozibwa ukiwa upande wako, ukuta ule ule ukiwa upande wake, na yeye akifungua mlango wa uchochoroni kwa ufunguo wake. Na usiweke kabati mbele ya ule ukuta mpaka mthamini apite.